Sanduku la karatasi za ukoo kutoka darini, Georgia: tuanzie wapi?

mkwe_wa_kusini: Wakuu, salaam. Sanduku la mbao limeshushwa kutoka darini, nyumba ya ukweni karibu na Macon, jimbo la Georgia, Marekani. Ndani kuna barua tangu miaka ya 1850 hadi 1940, wosia wa mababu, daftari la shamba la pamba na albamu ya miaka ya 1970, zile za kurasa za gundi zilizofunikwa plastiki. Wajukuu wako majimbo manne, kila mmoja anadai fungu lake. Barua zikifunguliwa zinakatika mikunjoni. Tuanzie wapi?

karatasi_na_kutu: Kwanza msigawane, na msipange upya. Piga picha kila bunda lilivyofungwa ndipo ulifungue. Barua zilizofungwa utepe mmoja zinaelezana; ukizipanga kwa tarehe, ile isiyo na tarehe umeipoteza.

Joto la darini ndilo linalozimaliza. Zihamishie chumba cha katikati ya nyumba, chini ya nyuzi 21 za Selsiasi, unyevu asilimia 30 hadi 50. Klipu na pini zilizoshika kutu usizivute: ingiza kipande chembamba cha plastiki kati yake na karatasi, kisha teleza. Vipande vya magazeti vitenge, asidi yake inahamia kwenye barua ya jirani na kuacha kivuli cha kahawia. Selotepu na laminesheni, hapana kabisa. Folda zisizo na asidi wala lignini (kitu cha mti kinachoigeuza karatasi njano), uandike juu yake kwa penseli. Na uvae glavu za pamba.

fundi_jalada: Kwa glavu napinga. Kwenye karatasi zinakupunguzia hisia za vidole na kuchanua kingo zilizochakaa. Mikono iliyooshwa na kukaushwa inatosha. Glavu ni za picha na negativu.

Mikunjo: usilazimishe. Chukua beseni la plastiki lenye kifuniko, tandika taulo lenye maji chini, weka wavu wa plastiki juu yake, barua juu ya wavu zisiguse maji. Funika, angalia kila baada ya nusu saa. Ikilegea ifungue, ilaze kati ya karatasi za kunyonya maji, weka uzito juu siku nzima. Ila wino wa kahawia ulioanza kutoboa karatasi ni wino wa chuma, unyevu unauchochea. Hizo mpelekee mtaalamu.

Picha za albamu: pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, kama msumeno, taratibu. Isipotoka, iskani na ukurasa wake. Skani kwa nukta 400 kwa inchi, picha 600, faili za TIFF (zisizopunguza ubora wa picha), pande zote mbili. Bahasha pia, maana muhuri wa posta mara nyingi ndiyo tarehe pekee uliyo nayo.

msoma_daftari: Mmelipita daftari la shamba, na ndilo zito kuliko vyote humo. Sensa za watumwa za 1850 na 1860 zinataja jina la mmiliki. Watumwa wenyewe karibu wote ni umri, jinsia na rangi tu. Watu hao wanaanza kuandikwa kwa majina katika sensa ya 1870. Kwa hiyo mstari unaosema fulani amechuma ratili kadhaa, au amepewa viatu, unaweza kuwa ndiyo njia pekee ya uzao wake kumpata babu yao kwa jina. Na ule wosia: soma orodha ya mali, majina yako kati ya nyumbu na majembe. Nakili yote, tahajia ilivyo, na namba ya ukurasa. Aibu ya ukoo isiwafanye mchane kurasa.

Wajukuu wapeni skani. Karatasi zenyewe za asili ziende pamoja mahali pamoja, mfano Georgia Archives, jalada la jimbo kule Morrow, au mkusanyiko wa historia ya Kusini mwa Marekani wa chuo kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, ulioanza 1930. Kabla ya kusaini hati ya kukabidhi, soma kipengele cha hakimiliki: kumiliki barua si kumiliki maneno yake. Maneno ni ya warithi wa aliyeandika, kwa kawaida hadi miaka 70 baada ya kifo chake.

mkwe_wa_kusini: Asanteni sana. Kuna barua chache zenye maandishi ya zambarau. Nazo niziweke kwenye beseni?

fundi_jalada: Usithubutu. Hiyo ni penseli ya kunakili, rangi yake inayeyuka kwa maji. Tone moja tu, hata jasho la kidole, na mstari umeenea ukurasa mzima. Iache na mikunjo yake, iskani ilivyo.