Majani yangu yanatoka doa jeusi kwenye chapa, nakosea wapi?

JaniKavu: Wakuu, habari za leo. Nina miezi minne tangu nianze kuchonga lino, lile bamba laini unalochonga picha, ukalipaka wino na kuchapa kwenye karatasi, palipochongwa pakabaki peupe. Nachapa kwa mkono, mashine sina. Napenda mimea ya asili, ile inayojiotea yenyewe. Sasa nimechora mgunga na mlima nyuma yake, kwa penseli ukapendeza. Nikachonga jani moja moja siku tatu, vidole vinauma. Nilipochapa, vijani vimezibwa na wino vyote, mlima mweusi tii kama mti, hujui kipi kiko mbele. Nipunguze wino, nitafute patasi nyembamba zaidi, au mkono wangu ndio mbovu?

FundiUbao: Mkono wako hauna neno. Isikilize rola unayopakia wino. Wino ukiwa wa kiasi, inatoa mchakacho mwembamba, karibu kama kunong'ona. Ikilia chapa-chapa kama miguu kwenye tope, umezidisha. Paka kidogo kidogo, mara nne au tano, usimwage wote kwa mkupuo. Na lino yenyewe ipashe joto kabla ya kuchonga. Imetengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani na unga wa magome yale yanayotoa vizibo, ikiwa baridi inakuwa ngumu na kumeguka. Vijani vyako vingine vilikufa hapo. Mkono usiochonga ukae nyuma ya patasi daima, mimi kovu ninalo.

MamaMizizi: Wino ni nusu ya tatizo, mwanangu. Nusu nyingine iko kwenye penseli. Penseli ina kijivu, lino haina: ama wino ama karatasi. Chukua karatasi nyeusi, chora kwa chaki nyeupe. Kila mstari wa chaki ndio mkwaruzo wa patasi. Utajikuta huchori tena majani, unachora mwanga uliotua juu yake. Mgunga uache mweusi kwanza, umbo lake la mwavuli likae sawa, kisha toboa vidirisha mbingu inapopenya. Vijani weka pembezoni tu, jicho litajaza vilivyobaki. Mlima uchonge mistari mingi ya karibu karibu upauke, maana hata kwa macho cha mbali huonekana hafifu.

Kijiko: Mimi kuchonga niliacha, nachapa jani lenyewe. Libane kati ya magazeti siku mbili, paka wino upande wa chini ambako mishipa imetokeza, weka karatasi nyembamba, sugua kwa mgongo wa kijiko. Dakika kumi umemaliza.

MamaMizizi: @Kijiko hiyo itampa jani, mlima hataupata. Ila kwa kujifunza mishipa inavyokwenda ni nzuri sana. Okota yaliyoanguka lakini, usije ukang'oa mmea adimu kwa ajili ya picha.

RangiTatu: Nyote mmesahau rangi. Chapa mlima kwanza kwa rangi hafifu, rudi uchonge lino ileile, chapa mti juu yake kwa wino mzito. Mchoraji Picasso aliitumia sana njia hii kuanzia 1959. Ubaya wake hakuna kurudi nyuma, ulichokiondoa kimeondoka, kwa hiyo karatasi za mwanzo chapa nyingi kuliko unazohitaji, zitaharibika tu.

FundiUbao: Kitu kingine, geuza mchoro kabla ya kuuhamishia kwenye lino. Mti ukielekea upande mwingine hakuna atakayelalamika. Mlima wanaoufahamu watu ukitoka kinyume, watakuuliza.

JaniKavu: Shikamoo Mama Mizizi. Nimejaribu chaki jana usiku. Majani nimechonga kama ishirini hivi, na mgunga unaonekana mgunga! Mlima bado, mistari nimeitawanya mno unafanana na ngazi. Kesho narudia na lino ya moto. @RangiTatu, hiyo ya rangi mbili niache kwanza, bado naiogopa.

RangiTatu: Sawa mkuu. Hizo mbovu usizitupe, utajaribia rangi juu yake.