Outlander PHEV ya 2014, Prius PHV ya 2013 au Aqua? Nipo Uyole

Mwana_wa_Uyole
Wakuu, poleni na baridi. Kila siku hapa Mbeya natoka Uyole hadi Kabwe na kurudi, kilomita 20 na ushei, sehemu kubwa nimekwama nyuma ya malori. Wikiendi nashuka Tukuyu kwa wazazi, na mara mbili kwa mwaka tunakwenda Dar familia nzima. Nimepata gari mbili za kuchomeka (zina injini ya petroli na betri kubwa unayoichaji kwa umeme), zote zimeshatumika hapa mjini: Outlander PHEV ya 2014, odo inasoma 78,000, na Prius PHV ya 2013. Mke wangu anasema nichukue Aqua, haibridi isiyochomekwa, nilale usingizi. Injini siiogopi, naogopa betri kubwa. Nitajuaje kama ni nzima kabla sijatoa hela?

Fundi_Soweto
Mkuu, hiyo odo iweke pembeni. Kwenye gari ya kuchomeka kilomita hazikuambii hali ya betri. Betri ya lithiamu inachoka kwa umri, kwa joto na kwa kukaa imejaa muda mrefu, hata gari ikiwa imepaki.

Outlander ya mwaka huo ina betri ya kWh 12 (yaani uniti 12) na mota mbili, mbele na nyuma. Wengi watakwambia uchomeke kifaa cha kupimia, usome uwezo wa betri. Ikiwa mpya inasoma karibu Ah (ampea-saa, kiasi cha umeme inachobeba) 38 hadi 40. Pima, lakini usiishie hapo, maana kompyuta ya betri inaweza kurudishwa mwanzo ikasoma kama mpya wakati betri ni ileile. Nenda na kipimo ambacho muuzaji hawezi kukichezea: LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla.

Mwombe uendeshe mpaka umeme uishe na injini iwake yenyewe. Rudini kwake, zimeni kila kitu ndani ya nyumba, friji pia. Andika uniti zilizobaki, chomeka gari, subiri ijae, soma tena. Gari hii haimalizi betri yote, inabakiza kama asilimia 30 ya akiba, kwa hiyo betri nzima itakula karibu uniti 9 au 10. Ikijaa kwa uniti 5, umeshapata jibu.

Prius PHV hiyo betri yake ni kWh 4.4 tu, ukichaji ni uniti tatu na kitu. Pale mimi ningeangalia zaidi injini. Prius za kizazi kile zinajulikana kwa kipoza cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) kuziba masizi, na baadaye gasketi ya silinda hedi inaachia. Nenda asubuhi mapema, injini ikiwa ya baridi kabisa. Washa betri kubwa ikiwa haijachajiwa, subiri injini iungurume. Ikitetemeka kwa sekunde kadhaa kama inataka kuzima, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, achana nayo.

Mama_Isyesye
Sikiliza huyo fundi, kaka. Mimi nililetewa gari na yadi moja, taa zote za dashibodi zimezimwa vizuri, kumbe makosa yamefutwa asubuhi ile ile. Siku ya tatu taa nyekundu, gari haiendi. Nilikaa miezi minne napanda bajaji huku nalipa mkopo wa gari. Kwa hiyo ukiijaribu, izungushe angalau saa nzima, ipande hadi Igawilo ikiwa imebeba watu, ndipo mpime makosa kwa mashine.

Kitonga_Juu
Kamwene! Nipo Iringa, Outlander naitumia mwaka wa tatu. Ukiwasha hita asubuhi ya Juni, injini inawaka hata kama betri imejaa. Si ubovu, zisizo na hita ya umeme ndivyo zilivyo. Nimeona watu wanaikataa gari nzima kwa sababu hiyo.

Kupanda Kitonga ukitokea Dar, bonyeza Save (kitufe cha kutunza umeme wa betri) mapema, tangu Ruaha Mbuyuni, ufike mlimani ukiwa na umeme. Ukifika betri tupu, gari imejaa watu, injini italia mpaka uihurumie. Halafu injini isiyo na tabo (turbo) huku juu inapoteza nguvu, kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na Mbeya mko kwenye 1,700. Mota ya umeme haijali hewa nyepesi. Ndiyo maana betri iliyochoka inauma zaidi huku kwetu kuliko Dar. Ila baridi yetu inaitunza, joto ndilo linaloimaliza.

Uniti_75
Hesabu ya umeme pia, mkuu. Kama nyumbani upo kwenye uniti za shilingi 100, mwisho ni uniti 75 kwa mwezi. Ukichaji Outlander mara nane umeshazimaliza, na ukizidi unaweza kuhamishiwa kwenye bei ya juu zaidi kwa uniti, kwa nyumba nzima. Bado ni nafuu kuliko petroli, lakini uijue mapema. Na usichajie ekstensheni. Vuta waya wake kutoka meinswichi na soketi nzuri. Baada ya nusu saa shika plagi, ikiwa ya moto hadi huwezi kuishikilia, chomoa.

Fundi_Soweto
Nilisahau betri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari haiingii READY (haiwi tayari kuondoka), na mtu anaambiwa betri kubwa imekufa. Kabla ya kulipia chochote, badilisha hiyo kwanza. Nyaya za rangi ya chungwa usimruhusu fundi wa mtaani azifungue, mle mna volti 300.

Mwana_wa_Uyole
Nimerudi, wakuu. Jana nilikaa kwa muuzaji wa Outlander na daftari. Mwanzo LUKU ilisoma 41.7, taa za chaji zilipozima 35.6. Uniti 6.1, na haikuchukua hata masaa matatu. Wakati huo kifaa chake kilikuwa kinasoma Ah 37. Nilipomwonyesha daftari alinyamaza, halafu akashusha bei bila mimi kuomba.

Nimemkatalia. Prius nakwenda kuiwasha Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nimemwomba mwenyewe asiiguse tangu Ijumaa jioni. Ikitetemeka, ni Aqua. Fundi, siku hiyo utakuwa na nafasi? Nauli na chai juu yangu.

Fundi_Soweto
Nipo. Mwambie na boneti asiifungue. Nataka nikute maji ya rejeta yalivyo.