Mama ana vidonda vya tumbo, hii mizizi ya urukususu ni salama?

kijana_wa_Tanga: Wakuu habari zenu, mama yangu anasumbuliwa na vidonda vya tumbo sasa jirani kamletea unga wa mizizi ya urukususu anywe asubuhi na jioni, ila mama ana presha pia na anameza vidonge kila siku, hii kitu iko salama kweli??

dadaZu: Pole sana kaka. Urukususu sio uongo, miaka ya 60 Uingereza walitengeneza dawa ya vidonda kutoka huo mmea, karbenoksoloni, na ilisaidia watu, shida inapandisha presha na kushusha potasiamu mwilini na mizizi yenyewe iko hivyohivyo, mama asiguse kabisa tafadhali

Mgosi: Apimwe H. pylori kwanza jamani, kipimo cha choo au cha kupuliza. Huyo bakteria ndo chanzo kikubwa, madaktari wa Australia Marshall na Warren walipewa tuzo ya Nobel 2005 kwa kumgundua. Akikutwa naye atapewa antibayotiki pamoja na omeprazo ya kupunguza asidi tumboni, amalize dozi yote hata akipata nafuu. Halafu muulize kama anameza diklofenaki, zile dawa za maumivu ya magoti, nazo zinachubua tumbo

dadaZu: Na akipata choo cheusi kama lami msisubiri asubuhi, hospitali hapohapo, anavuja damu ndani