ETI "ANAFURAHIA DAWA"!!! Watu wa Houston mnamjua, na leo simwachi

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kutukanwa sasa hivi sebuleni kwangu, juu ya zulia langu, na mtu anayetafuna korosho zangu. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa mbwa.

Simtaji jina. Sheria za jukwaa nazijua, na yeye mwenyewe yumo humu anasoma kwa akaunti nyingine. Lakini mkiishi Houston mnamjua. Ni yule yule mshereheshaji aliyekosea jina la bibi harusi mbele ya baba yake bibi harusi. Yule yule wa magari ya mnada yanayozimika ukishamaliza kulipa. Yule yule wa viwanja vya Kigamboni ambavyo hata Kigamboni kwenyewe hawavijui. Sasa hivi bwana huyo ni DAKTARI WA NYOKA. Kadi anazo, zina picha ya nyoka na chini yake kaandika "koboto". Hata kobra kashindwa kuandika.

Mimi nina chatu. Jike, mdogo, wale wa Ghana, Togo na Benin wanaojikunja mviringo wakiogopa. Huku Marekani wanazalishwa na wanauzwa madukani kawaida kabisa. Anaitwa Malkia. Hajawahi kumng'ata mtu, tofauti na baadhi ya ndugu zangu. Sasa Malkia akaanza kushinda ndani ya bakuli la maji, hatoki. Naangalia chini ya bakuli naona vidoti vyeusi vimezama. Napitisha tishu nyeupe mgongoni, inatoka na vidoti vinatembea. Juu ya magamba kuna vumbi jeupe, na hilo vumbi ni mavi ya utitiri. Wamejipanga pembeni mwa macho na chini ya kidevu wanamnyonya damu.

Nikaelekezwa kwa bwana huyu. Mlionielekeza mnajijua, tutaonana kwenye sherehe ya Muungano.

Akaja na mkoba. Ndani ya mkoba chupa haina lebo. Namuuliza dawa gani hii, ananijibu "ya kimataifa." Harufu ile mimi nimekulia nayo, baba yangu alikuwa na ng'ombe: ni dawa ya kupe! Ya josho! Hakuichanganya na maji. Hakutoa bakuli. Hakufungua dirisha. Hakumpima uzito, hakuangalia mdomo. Akamshika chatu wa watu akampulizia KICHWANI. Machoni! Mkono mmoja chupa, mkono mwingine korosho.

Hazikupita dakika nyingi Malkia akaanza kupindua shingo, kichwa kinatazama dari. Mwili unatetemeka. Ukimlaza chali hawezi kujigeuza. Nikasema, bwana, hii ni nini? Akatazama. Akameza korosho. Akasema:

"Anafurahia dawa."

ANAFURAHIA DAWA, wakuu. Mke wangu alikuwa jikoni akaja na mwiko. Mwanangu wa darasa la pili akauliza, "Baba, huyu ndiye daktari?" Na yeye akamjibu mtoto, "Ndiyo, na nyoka wenu anafurahia dawa." Mara ya pili hiyo! Halafu akadai dola 120 na akaomba mfuko wa kuwekea korosho zilizobaki.

Nilikimbia na Malkia kwa daktari wa wanyama wa kweli, yule wa reptilia. Wakamwosha kwa maji ya vuguvugu, wakamtundikia maji, wakamweka sehemu ya joto na hewa. Yule mama akaniambia dawa za jamii hiyo zinapiga mishipa ya fahamu, za kuua wadudu ndivyo zinavyofanya kazi, na ukimmiminia nyoka anapigwa na yeye. Nikamwambia kuna mtu kasema anafurahia. Akavua miwani akanitazama muda mrefu sana.

Yupo hai, amelazwa. Niambieni nimfanyeje huyu mtu. Sitaki busara, nataka mawazo makali.

---

Mchuzi wa Pweza:
Mimi nimeishia hapo kwenye "nina chatu." Ndani? Na mtoto wa darasa la pili? Mkuu, utitiri ndio viumbe wenye akili pekee humo ndani, wanajaribu kuwaokoa.

Kinyozi wa Usiku:
Swali dogo tu. Anatoa chupa isiyo na lebo, unanusa, unajua ni ya kupe, bado umekaa. Ulikuwa unasubiri nini, tangazo la biashara?

Baba Malkia (mtoa mada):
@Kinyozi ungekuwepo ungeona. Alipuliza KABLA sijamaliza sentensi. Na usinitoe kwenye mada. Mada ni "anafurahia dawa."

Msukuma Original:
Njooni Bujora hapa Mwanza. Bayeye wetu wanacheza ngoma na chatu tangu enzi za mababu, chatu mrefu kuliko sebule yako, na sijawahi kusikia kapuliziwa josho. Mmeenda Marekani mkasahau hata nyoka.

Wakili Bila Kesi:
Huku Bongo ukikutwa na chatu ndani bila kibali, sheria ya wanyamapori ya 2009 inakusubiri. Utitiri hautakuwa utetezi.

Mgeni_Mpya77 *(amejiunga leo)*:
Nadhani mtoa mada anamwonea mtaalamu huyo. Ni mtu anayeheshimika sana Houston, msafi, mchapakazi. Utitiri hutokana na uchafu wa mwenye nyumba. Pia magari yake ni mazuri.

Kinyozi wa Usiku:
😂😂😂 Magari yametajwa na nani?

Binti wa Chumbageni:
Shikamoo daktari. Korosho zilikuwa tamu?

Baba Malkia:
NI YEYE. Wakuu ni yeye! Uchafu?? Nyumba yangu?? Nijibu kwanza hapa hapa: ulisema au hukusema anafurahia dawa?

Mgeni_Mpya77:
Sijui unazungumzia nini. Lakini kitaalamu nyoka akifurahi hunyanyua kichwa.

Mama Kenge:
Naomba nipite hapa kwa dakika mbili, maana nimeishi na nyoka huku Watamu, pwani ya Kenya, miaka mingi na huu ujinga wa kichwani unaua wanyama wa watu.

Kwanza uchafu hauzai utitiri. Wanakuja na nyoka mpya, au mikononi na nguoni mwako ukitoka kushika nyoka wa duka. Jina lao la kitabuni ni *Ophionyssus natricis*. Wanatembea usiku, wanataga nje ya nyoka, kwenye nyufa za kasha na kwenye mbao. Kwenye joto zuri yai linaanguliwa kwa siku mbili hadi nne, na kutoka yai hadi mkubwa anayetaga ni kama wiki mbili. Ndiyo maana mtu anatibu mara moja, anafurahi, mwezi ujao wamerudi wengi kuliko mwanzo. Ulichoua ni wale wa juu ya ngozi. Mayai hayakusikia habari.

Kwa hiyo vita iko kwenye kasha kuliko kwenye nyoka. Mtoe mhamishie kwenye boksi tupu la plastiki lenye matundu, chini tandika karatasi nyeupe za jikoni ili kila mdudu aonekane, na uzibadilishe kila siku. Maranda yote funga kwenye mfuko, toa nje ya nyumba. Mbao na magogo usiyahurumie, tupa. Kasha lisugue kwa maji ya moto na sabuni, hasa pembe na reli za mlango. Nyoka mwogeshe maji ya vuguvugu yasiyozidi unene wa mwili wake, anyanyue kichwa mwenyewe, usimwache peke yake. Hiyo inazamisha wengi, ila wa kichwani wanabaki, hao unawatoa kwa kijiti cha pamba chenye mafuta kidogo sana, pembeni mwa jicho polepole. Msimpake mwili mzima mafuta ya kula jamani, sio kitumbua.

Dawa ya permethrini ipo na inatumika, lakini ile iliyotengenezwa kwa reptilia, unapuliza KASHA kidogo, nyoka hayumo, bakuli la maji halimo, unaacha likauke kabisa na mvuke utoke ndiyo anarudi. Kuna wanaotumia fipronili, wanalowesha kitambaa wanampangusa, hawapulizii. Ivamektini ni ya daktari kwa kipimo cha uzito, na mwenye kobe nyumbani asiiguse kabisa, inaua kobe. Baadaye unarudia yote kwa ratiba utakayopewa, na nyoka wote wa chumba hicho wanatibiwa pamoja, hata anayeonekana mzima.

Akiwa amepungukiwa damu utamwona ufizi umepauka. Hapo ni hospitali, maana hao utitiri wanahamisha na bakteria kutoka nyoka mmoja hadi mwingine.

Baba Malkia:
Dada Mama Kenge Mungu akubariki, nimesoma yote. Lakini umeliona lile neno? Umeona mtu mzima, ana ndevu, anatazama kiumbe kinatetemeka, anasema ANAFURAHIA?

Mama Kenge:
Nimeliona kaka. Umeshabadilisha karatasi?

Mchuzi wa Pweza:
Kuna watu Watamu wanaogesha nyoka maji ya vuguvugu na mimi hapa Tanga umeme umekatika naoga ya baridi.

Mzee wa Fitina:
Akitibiwa vizuri atajivua gamba? Maana kuna chama kilituahidi hilo 2011 na tunasubiri mpaka leo.

Wakili Bila Kesi:
Mzee, jukwaa la siasa ni kule.

Kuku Mia Tano:
Mnalia na nyoka mmoja, mimi utitiri umeingia banda Kibaha. Hawa wa kuku ni wanyama wengine kabisa. Mchana huwaoni, wako kwenye nyufa za vichanja, usiku wanapanda wananyonya. Kuku wamepauka vilemba, mayai yameshuka. Nikaenda duka la pembejeo, sitalitaja, lile lililo karibu na stendi, mnalijua. Nikauziwa dawa ya unga. Nimenyunyiza banda zima, kuku WAMEILA. Wameila yote wakaomba nyingine. Nimeonja. Ni sembe.

Kinyozi wa Usiku:
Walifurahia dawa 😂😂😂

Binti wa Chumbageni:
Kuku Mia Tano pole. Angalau wameshiba.

Kuku Mia Tano:
Nacheka na mimi lakini roho inauma. Nimerudi dukani, yule kijana ananiambia "wadudu wakila sembe wanavimbiwa." Nimelipia somo la tumbo la mdudu.

Baba Malkia:
Ndugu yangu Kuku, pole sana, fungua uzi wako basi. Turudi kwa huyu bwana. Nimepata taarifa kesho anaenda kwa familia nyingine Katy, mji wa jirani na Houston, wana nyoka wawili wa kufugwa, wale waitwao nyoka wa mahindi. Watu wa Katy FICHENI KOROSHO.

Mgeni_Mpya77:
Hayo ni mambo ya kuharibiana biashara. Nitachukua hatua.

Binti wa Chumbageni:
Hatua gani, utampulizia?

Kitanda cha Juu (Deira):
Wakuu, hao utitiri afadhali. Sisi huku Dubai tuko wanane chumba kimoja na KUNGUNI. Msimamizi wa chumba, Mbongo mwenzetu, mnamjua wote mliopita Deira, amekusanya dirhamu 30 kila mtu ya kupulizia. Kapulizia manukato. Manukato ya uturi! Sasa kunguni wananukia.

Mchuzi wa Pweza:
😂😂 Kunguni wa kuingia harusini.

Msukuma Original:
Huyo wa Deira namjua! Alikuwa na kipara na simu tatu? Alinikata dirhamu 50 ya shuka mwaka niliokuwa huko, shuka lenyewe pazia.

Kitanda cha Juu (Deira):
NDIYE. Simu sasa ni nne.

Kuku Mia Tano:
Kunguni dawa yake ni maji ya moto kwenye chaga na kuanika godoro juani, nyufa zote. Huko kwenu jua lipo bure.

Kitanda cha Juu (Deira):
Jua lipo, pa kuanika hakuna. Tuko ghorofa ya 6 na balkoni ni chumba cha mtu, analipa kodi.

Wakili Bila Kesi:
Balkoni inapangishwa?

Kitanda cha Juu (Deira):
Ina mpangaji na mgeni wake.

Baba Malkia:
Wakuu, daktari kanipigia. Malkia leo kajigeuza mwenyewe akilazwa chali. Na yule bwana katuma ujumbe, nanukuu: "Nimesikia mgonjwa wangu anaendelea vizuri, dawa imefanya kazi, bado nadai 120." MGONJWA WAKE. DAWA IMEFANYA KAZI. Naombeni namba ya mwanasheria wa Texas anayezungumza Kiswahili.

Mzee wa Fitina:
Hongera kwa nyoka. Nyie wa Deira, huyo jamaa wa simu nne ndiye aliyewahi kuuza visa za Muscat?

Msukuma Original:
Huyo ni mwingine, wa visa alikuwa mrefu. Alinila hela ya tiketi pia.

Kitanda cha Juu (Deira):
Mrefu mwenye pengo? Huyo sasa anauza magodoro hapa Naif.

Mchuzi wa Pweza:
Magodoro mapya au yenye wapangaji?

Kitanda cha Juu (Deira):
Anasema mapya. Nailoni ipo lakini imefungwa na solotepu.

Msukuma Original:
Muulize inchi ngapi, na bei mwisho kiasi gani. Nina mdogo wangu anakuja mwezi ujao.