Kumtaja Karume nako ni kosa? Mpwa wangu kanyimwa alama

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, atakayeudhika aniwie radhi.

Mpwa wangu yuko kidato cha nne hapa Lamu. Jana baada ya Magharibi kanifuata barazani na karatasi yake ya historia, hata kikombe cha kahawa sijakimaliza. Swali lilikuwa Tanzania iliundwaje. Kaandika kwamba Mkataba wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulitiwa saini Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964, na Nyerere, rais wa Tanganyika, na Karume, rais wa Zanzibar. Mwalimu kamkosesha kwa kalamu nyekundu, mkono mzito hadi karatasi imetoboka. Pembeni kaweka jina moja, Nyerere, na tarehe 26. Alama mbili zimekwenda.

Tarehe 26 Muungano ulianza, sikatai. Lakini saini ni ya tarehe 22, na hakuna mtu anayetia saini mkataba na nafsi yake!

Na nyinyi wa upande wa pili msishangilie. Kila Muungano ukitajwa mwaja na wimbo ule ule, Nyerere kaimeza Zanzibar, utadhani Karume alikuwa kalala. Kalamu aliishika mwenyewe. Nyerere naye hakuwa mpita njia, mambo ya Visiwani alikuwamo zamani. Chama cha Afro-Shirazi (ASP), chama cha Karume, kilipoundwa 1957 alikuwa miongoni mwa waliowahimiza Waafrika na Washirazi washikane. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, polisi wa Tanganyika walivushwa kwenda kumsaidia Karume. Sasa huyu aliyesaidiwa hivyo, akiletewa karatasi atie saini, ana nafasi gani ya kusema ngoja kwanza? Hapo ndipo pa kujadiliwa darasani, mwalimu kaparuka.

Halafu hizo siku nne. Saini tarehe 22, nchi mpya tarehe 26! Huku kwetu posa tu haimalizwi kwa siku nne, mashangazi hawajakaa wakasema yao. Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Zanzibar, alikuwa safarini ng'ambo. Mwananchi wa kawaida, Unguja, Pemba hata Tanganyika, kura hakupigishwa. Mambo ya Muungano, yaani yaliyo chini ya serikali ya pamoja, yalianza 11, leo Katiba ya Tanzania yaorodhesha 22. Jumbe, rais wa Zanzibar baada ya Karume, alipotaka serikali tatu, ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, 1984 aliwekwa kikaoni Dodoma, mwenyekiti wa chama ni Nyerere, akatoka urais hana.

Msiniulize mtu wa Lamu yamhusu nini. Hadi 1963 bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea huku, ndipo Oktoba mwaka ule Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, na Kenyatta wakaafikiana Mwambao, ukanda huu wa pwani, uwe Kenya. Sisi pia kura hatukupiga. Ndiyo maana nikisikia "Nyerere aliunganisha" mwili wanisisimka.

Leo asubuhi nimekwenda shuleni, kwa adabu, salamu zote nimetoa. Nimeambiwa kitabu ndivyo kisemavyo. Nikaomba nikione hicho kitabu. Kiko kabatini, na mwenye ufunguo kaenda Mokowe.

Mtoto kaniuliza, "Mjomba, mtihani wa taifa niandike la kweli au la mwalimu?" Nimemwambia aandike majina yote mawili na tarehe zote mbili, wasahihishaji wajichagulie. Kama yuko humu anayejua rufaa ya alama mbili hupelekwa wapi, aseme. Yule wa ufunguo bado hajarudi.