Msaada: ala ya bastola na mkanda vimekakamaa na kuota ukungu

Mlinzi wa Usiku, Tanga
Wakuu, habari za jioni. Wiki mbili zilizopita mvua ya masika ilinikuta lindoni, mkanda na ala ya bastola vikaloa chepechepe. Asubuhi nikavianika juu ya bati ili jioni nirudi navyo kazini. Vikakauka kama ukoko. Nikapaka mafuta ya kupikia, vikalainika siku mbili tatu. Sasa ndani umeota ukungu mweupe, na kuzunguka vifungo vya shaba pametoka uchafu wa kijani unaonata kama nta. Ala nilinunua kwa pesa yangu, ngozi nzito iliyoshonwa kwa mkono. Kuna namna ya kuiokoa?

Fundi Viatu
Pole sana mdogo wangu. Bati lilianza, mafuta ya kula yakamalizia. Ngozi iliyoloa ikipigwa jua kali hukakamaa na kupasuka. Mafuta ya kupikia nayo yanachacha humo humo, na mende wanayafuata. Ule ukijani ni shaba iliyokutana na mafuta ya ngozi. Utoe kwa kijiti cha meno na mswaki mkavu, kisu kitakuchania.

Ukungu upige brashi nje ya nyumba, pua umeziba. Kisha siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Jaribu kwanza pasipoonekana, maana siki inaweza kuharibu rangi. Chovya kitambaa, kikamue mpaka kisidondoshe, futa ndani na nje. Anika kivulini penye upepo, hata siku mbili.

Mwenye Punda
Ikikauka paka mafuta ya kwato za ng'ombe. Mikanda ya punda wangu ndiyo dawa yake.

Fundi Viatu
Kwa mkanda sawa ndugu yangu, tena matone machache. Kwa ala hapana! Ala inashika bastola kwa ugumu wake. Ikilainika mdomo unalegea, mtu akiinama au akikimbia silaha iko chini. Ala ipake nta ya nyuki kidogo, kwa nje tu, kisha isugue kwa kitambaa.

Mama Wawili
Mwanangu, mume wangu kastaafu uaskari, na hakuwahi kulaza bastola ndani ya ala. Ngozi inanyonya mvua na jasho la kiuno, na dawa zilizotumika kuitengeneza zinakula chuma. Kaikague silaha leo. Na ala usiifungie kwenye mfuko wa nailoni, ukungu utarudi.

Mlinzi wa Usiku, Tanga
Mama, Mungu akubariki. Upande uliolalia ngozi nimekuta vidoa vya kutu, vidogo kama pilipili manga iliyosagwa. Mtunza silaha ameichukua kuisafisha. Fundi, ukungu umeisha na harufu imepungua, ila ala imebana, bastola inatoka kwa kuvutana.

Fundi Viatu
Usiiloweshe tena. Silaha ikisharudi, mwambie mtunza silaha ahakikishe haina risasi, aizungushie nailoni laini mara mbili, aisukume ndani ya ala na kuiacha stoo ya silaha usiku mmoja. Asubuhi atoe nailoni, mjaribu. Ikibana bado, rudieni usiku mwingine, bila kuongeza nailoni ya tatu.