"Kwani maji yaliyovuja si yamerudi ardhini?" Wakuu, huyu mtu tumfanyeje?

Msiniambie nipunguze povu. Yule mwenye kofia mnamjua. Leo, mbele ya mafundi wazima, grafu ya maji yanayoingia kwenye kanda usiku iko ukutani, kafungua kinywa: "Kwani maji yaliyovuja si yamerudi ardhini?"

Yamerudi ardhini! Yakiwa yamesukumwa na pampu, yamechujwa, yametiwa klorini! Mwaga uji mlangoni basi, useme mahindi yamerudi shambani.

Tundu la milimita 6, jembamba kuliko penseli, kwenye presha ya bar 5 linamwaga lita 1,900 hivi kwa saa. Kwa siku zinapita 45,000. Na mtandao wake wa mabomba hauna tundu moja, ni kifumbu. Saa 8 mpaka saa 10 usiku, watu wamelala, dira ya kanda, ile inayopima maji yanayoingia eneo zima, haipunguzi mwendo. Nani anafua saa hizo, popo? Usiku presha inapanda kwa sababu hakuna anayetumia, na ufa wa bomba la plastiki unazidi kupanuka. Weka valvu ya kupunguza presha, uvujaji utashuka kabla hujashika sururu. Nimefika hapo, jamaa ananikata: "si yamerudi ardhini?" ARDHINI!

Fundi Spana: Povu hili lingejaza tangi. Valvu za mpakani, zinazotenga kanda yako na jirani, ulizijaribu? Zifunge zote, funga na ya kuingilia, uone kama presha inashuka hadi sifuri. Ikigoma, maji yanapenya kutoka kanda jirani na grafu yako ni pambo la ukuta.

Mleta mada: Ilishuka sifuri! Turudi kwenye mada. SI YAMERUDI ARDHINI?

Bi Karai: Afadhali wenu anaongea tu. Wetu anaziba bomba kwa mpira wa tyubu, presha ikirudi unaachia. Klampu, vibano vya kuziba bomba, za saizi yake zimejaa stoo! Chimba mpaka mkono upite chini ya bomba, sugua tope, funga klampu, kaza nati kwa kupokezana, fungulia maji taratibu utazame, ndipo ufukie kwa mchanga. Yeye anaanza kufukia. Kwa mawe.

Dira Kongwe: Matundu, matundu. Na dira zilizochoka? Boya la tangi likikaribia kufunga, maji yanaingia kwa uzi mwembamba na dira kuukuu haistuki. Tangini yamefika, kwenye bili hayapo. Hayo nayo yamerudi wapi?

Bomba Kavu: Bora yako imelala. Ya huku inasoma HEWA. Mgao ukirudi unatangulia upepo, dira inazunguka kama feni, bili inakuja ya maji.

Mleta mada: Jamani, uzi wangu...

Fundi Spana: Bomba Kavu, hapo valvu ya kutolea hewa imekwama au haipo. Iko wapi?

Bomba Kavu: Bondeni.

Fundi Spana: Bondeni?? Hewa inapanda, mkuu. Inakaa kileleni. Bondeni ni ya kutolea tope.

Bomba Kavu: Ya tope ndiyo iko kileleni.

Bi Karai: 😂😂😂 Nimeangusha simu.

Dira Kongwe: Aliyeziweka si ndiye yule mwenye kofia?

Bomba Kavu: Kofia gani?